Kupevuka, Kuiva na Kupasuka: Historia ya Lugha ya Ubora wa Tunda katika Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya embe katika Nile Magharibi, Uganda, kwa kuzingatia maneno yanayotumika kutaja ubora na kasoro za tunda. Hoja kuu ni kwamba msamiati wa ubora hukua pale penye mnunuzi mwenye haki ya kukataa mzigo, na kwamba embe lilimpata mnunuzi huyo karne nzima baada ya pamba na tumbaku. Kwa kulinganisha embe na cheri tamu, tunda ambalo kupasuka kwake kumechunguzwa kwa miongo mingi, makala yanaonyesha kuwa tofauti ya Kiswahili kati ya kupevuka na kuiva inabeba maarifa ya kilimo ambayo sera ya ugani haijayatumia ipasavyo. Yanapendekeza kuwa viwango vya matunda katika eneo la mipaka mitatu viandaliwe kwa Kiswahili tangu mwanzo.

1. Utangulizi

Arua na Koboko ziko katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, mahali ambapo nchi hiyo inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini. Arua ilianzishwa mwaka 1914 kuwa makao ya wilaya ya Nile Magharibi, ikawa jiji mwaka 2020. Koboko ilitengwa na Arua na kuwa wilaya mwaka 2005. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu, na Walugbara wako pande zote mbili za mpaka wa Kongo. Bidhaa za shambani huvuka mipaka hiyo kupitia Vurra na Oraba, zikiuzwa na kununuliwa kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili.

Miongoni mwa bidhaa hizo ni embe. Ni tunda la kila mtu: hupandwa uani, shuleni, kanisani na kando ya njia, nalo huliwa sana katika wiki ambazo ghala la nafaka limepungua na mavuno mapya hayajafika. Kwa sababu limezoeleka kiasi hicho, historia yake haijaandikwa kwa uzito uliopewa pamba na tumbaku. Historia ya maneno yake imeachwa nyuma zaidi. Hata hivyo, siku mkulima anapoambiwa kuwa tenga lake limekataliwa, maneno ndiyo yanayoamua kama atajua sababu ya kukataliwa, au atapewa tu bei ya chini na kwenda zake.

2. Njia mbili za tunda

Katika upwa wa Afrika Mashariki embe ni la kale. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza jinsi wenyeji walivyolila tunda hilo likiwa limetiwa siki, akalitaja kwa jina la anba, akaongeza kuwa likiwa bichi huwa chachu na likiiva huwa tamu sana. Jina hilo ni la ukoo mmoja na embe la Kiswahili, na asili yake ni lugha za Bara Hindi. Kutoka pwani, tunda na jina lake vilifuata njia za misafara kuelekea Tabora, Ujiji na nchi za maziwa. Luganda ililipokea kwa umbo la omuyembe, ambalo bado linaonyesha mwembe wa Kiswahili ndani yake.

Njia ya pili ilipanda na Mto Nile. Kiarabu cha Sudan na cha Juba hulitaja tunda hilo kwa jina la manga, neno lenye asili ya kusini mwa India lililosambazwa na biashara ya Wareno. Miti ya matunda ya kigeni ilitangulia utawala wa kikoloni katika njia hiyo. Samuel Baker, aliyefika Gondokoro mwaka 1863, alikuta misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa huko miaka kumi kabla yake imekwisha kuachwa, lakini vichaka vya ndimu vilivyopandwa na wamisionari vilikuwa vingali hai. Watu walikuwa wameondoka, miti ikabaki. Hali hiyo ingejirudia mara nyingi katika historia ya eneo hili.

Njia hizi mbili zilikutana katika Nile Magharibi kwa sababu za kisiasa. Kati ya mwaka 1894 na 1910 sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa katika Lado, nchi iliyokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake ilirudishwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Askari wa Kisudani waliobaki baada ya Emin Pasha kuondoka mwaka 1889, na ambao Lugard aliwaajiri mwaka 1891, walikuwa tayari wameeneza Kiarabu kilichokuja kuwa Kinubi. Vijana wa Nile Magharibi walioingia jeshini, na wengine waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, walirudi na Kiswahili. Ndiyo maana katika soko moja la Arua mtu anaweza kusikia manga na embe kwa wakati mmoja, kila jina likiwa limefika kwa barabara yake.

3. Zao lenye daraja na zao lisilo na daraja

Utawala wa kikoloni uliitazama Nile Magharibi kwanza kama chimbuko la vibarua na askari, kisha kama eneo la mazao ya fedha. Pamba na baadaye tumbaku ndiyo mazao yaliyopewa mbegu, maofisa, vituo vya ununuzi na mizani. Kila zao la namna hiyo lilikuja na lugha yake ya ubora. Jani la tumbaku lilitengwa kwa rangi, kwa nafasi yake katika mmea na kwa majeraha yake. Katika masoko ya pamba ya Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, pamba ilitengwa katika madaraja mawili: safi na fifi. Safi ilikuwa pamba isiyo na doa. Fifi, neno linalohusishwa na kufifia, ilikuwa pamba iliyochafuka au kuharibiwa na wadudu.

Mfano wa pamba una uzito wa pekee kwa mjadala wa sasa. Unaonyesha kuwa Kiswahili kiliwahi kuwa lugha ya madaraja ya biashara nchini Uganda, hata katika wilaya ambazo wakulima wake hawakukizungumza nyumbani. Maneno mawili mafupi yalimwezesha mkulima kutenga pamba yake kabla ya kufika sokoni, kukadiria malipo yake na, inapobidi, kubishana na karani. Hakuhitaji kusoma Kiingereza ili ajue kwa nini rundo moja limelipwa zaidi ya jingine. Daraja lilitamkika, na kwa sababu hiyo liliweza kupingwa.

Embe halikupata daraja. Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilihusika na uingizaji na usambazaji wa miche ya aina nyingi, na misheni na shule zilipanda miti ya matunda. Lakini hapakuwa na kampuni iliyokuja na mizani kununua maembe ya Nile Magharibi. Muuzaji na mla walionana ana kwa ana. Tunda lenye kasoro lilipunguzwa bei, lilipewa watoto au liliachiwa mbuzi. Katika soko la namna hiyo maneno machache yanatosha: bichi, bivu, bovu. Kutokuwepo kwa msamiati mpana zaidi kusichukuliwe kuwa upungufu wa lugha yoyote ya eneo hilo. Ni ushahidi wa aina ya biashara iliyokuwepo.

4. Kwa nini tunda hupasuka

Ili kuona kilichokosekana, inafaa kulitazama tunda jingine ambalo biashara yake ilidai maneno mengi. Cheri tamu haiwezi kuzaa katika joto la Arua, mji ulio mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa mti wake huhitaji mamia ya saa za baridi kali kabla ya kuchanua. Hata hivyo, hakuna tunda linaloeleza vizuri zaidi tatizo la kupasuka. Mvua ikinyesha siku chache kabla ya mavuno, sehemu kubwa ya zao la cheri inaweza kupasuka na kupoteza bei. Tatizo hilo lilichunguzwa kwa kina katika jimbo la Idaho, Marekani, na Verner na Blodgett waliochapisha matokeo yao mwaka 1931, na utafiti wake unaendelea hadi leo.

Maelezo yake kwa ufupi ni haya. Ganda la cheri limefunikwa na utando mwembamba wa nta. Utando huo huacha kuongezeka mapema, wakati nyama ya tunda bado inavimba, hivyo hunyooshwa mpaka ukapata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Maji ya mvua hupenya kupitia ganda lenyewe na karibu na kikonyo, huku mizizi nayo ikisukuma maji ndani. Nyufa ndogo huwa kubwa, na tunda hupasuka. Wakulima hufunika miti kwa mahema ya plastiki, hunyunyizia chumvi za kalisi ili kuimarisha kuta za seli, na baadhi yao hukodi helikopta zipuliziwe upepo juu ya bustani ili maji yakauke haraka.

Embe hupasuka kwa mantiki inayofanana na hiyo, ingawa ganda lake ni nene zaidi. Baada ya ukame mrefu ganda hupoteza unyumbufu. Maji yakija kwa ghafla nyama huvimba kuliko ganda linavyoweza kufuata. Upungufu wa kalisi na boroni huongeza udhaifu huo. Katika Nile Magharibi kiangazi huanza Desemba na kuingia Machi, na mvua za kwanza hufika mwishoni mwa Machi na Aprili, wakati maembe ya msimu mkuu yanapokamilika mtini. Unyevu huohuo hustawisha chule, ugonjwa wa kuvu unaoacha madoa meusi na kutumia kila ufa kama mlango.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya matunda haya mawili, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Cheri haiivi baada ya kuchumwa. Mkulima wake hana budi kuiacha mtini hadi iive, na hivyo kuihatarisha kwa mvua. Embe huendelea kuiva baada ya kutoka mtini, mradi limekwisha kupevuka. Mkulima wa embe basi ana njia ya kuikwepa mvua ambayo mkulima wa cheri hana: kuchuma mapema, tunda likiwa pevu na bado si bivu.

Kiswahili kinataja tofauti hiyo kwa maneno ya kila siku. Kupevuka ni kufikia ukamilifu. Kuiva ni kufikia hali ya kuliwa. Tunda pevu linaweza kuwa gumu na la kijani, lakini ndani yake kazi imekwisha: mabega yake yamejaa na kunyanyuka kupita kikonyo, na nyama karibu na kokwa imeanza kugeuka rangi ya manjano. Kwa hatua inayofuata lugha inacho kitenzi kuvundika, yaani kulifunika tunda ili liive nje ya mti. Methali husema mvumilivu hula mbivu, na mlaji anaweza kuifuata bila hasara. Mchuuzi anayeifuata juu ya mti wakati mawingu ya Aprili yanakusanyika atakula zilizopasuka.

Msamiati wa uvunaji una usahihi uleule. Kuchuma ni kwa mkono. Kuangua ni kuliteremsha tunda kutoka juu, mara nyingi kwa kigoe. Kupopoa ni kulirushia fimbo au jiwe mpaka lidondoke. Embe lililopopolewa huweza kupasuka kwa kuanguka, na kwa macho ya mnunuzi aliye mbali ufa wake unaweza kufanana na ule wa mvua. Kasoro ni moja kwa sura, lakini chanzo na dawa ni tofauti.

5. Mnunuzi mwenye haki ya kukataa

Mwaka 2003 inzi wa matunda asiyejulikana barani Afrika aligunduliwa pwani ya Kenya, na mwaka 2004 alithibitishwa Uganda. Mwaka 2005 wanasayansi walimpa jina la Bactrocera invadens. Miaka kumi baadaye ilikubalika kuwa ni spishi moja na Bactrocera dorsalis wa Asia. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai. Mabuu hula nyama kutoka ndani, na tunda huoza likiwa bado na sura nzuri. Athari zake kwa biashara zilionekana wazi Kenya, nchi iliyosimamisha yenyewe usafirishaji wa maembe kwenda Umoja wa Ulaya mwaka 2014 na kuurejesha mwaka 2021. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya nao ulikaza masharti kuhusu inzi hao.

Wakati huohuo, Uganda ilianza kulitazama embe kama malighafi. Kiwanda cha matunda cha Soroti kilizinduliwa mwaka 2019, na katika Nile Magharibi serikali, kupitia Shirika la Maendeleo la Uganda, iliunga mkono ujenzi wa kiwanda huko Yumbe, wilaya jirani ya Koboko. Aina zenye ganda nene zilizotoka Florida, kama Tommy Atkins, zilihimizwa kando ya zile zilizozoeleka nchini, kama Kagogwa na Doodo. Mnunuzi mwenye haki ya kukataa alikuwa amewasili, na lugha yake ilikuwa tayari. Kiwango cha Codex cha maembe, namba 184 cha mwaka 1993, kinadai tunda liwe zima, imara, safi, lisilo na uharibifu wa wadudu, na lililokua vya kutosha. Kisha kinaligawa katika madaraja matatu yenye viwango vya uvumilivu vya asilimia 5 na 10. Kiwango hicho kinapatikana katika lugha rasmi za Codex, ambazo Kiswahili si mojawapo.

Hapa historia ya pamba inageuzwa. Daraja la safi na fifi lilimfikia mkulima likiwa katika neno analoweza kulitamka. Daraja la embe limeandikwa kwa lugha ya mnunuzi, na linapofika kijijini linashuka na kuwa neno moja: bovu. Embe lililopasuka kwa mvua, lililopopolewa, lililotobolewa na inzi na lenye chule hutupwa katika rundo moja. Mkulima anayeambiwa kuwa matunda yake ni mabovu hajaambiwa atandaze nyasi chini ya mti ili kushikilia unyevu, atumie kigoe chenye mfuko, azike matunda yaliyodondoka ili kukata uzazi wa inzi, au apogoe matawi yapitishe hewa. Ameambiwa bei tu.

6. Kiswahili katika mipaka mitatu

Suala la lugha itakayobeba maarifa haya lina historia yake nchini Uganda. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipanuliwe katika elimu na utawala, na Buganda ikapinga. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa miongoni mwa lugha zilizotambuliwa shuleni, kikabaki jeshini na polisi. Idi Amin, ambaye asili yake ya Kikakwa inahusishwa na Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Uhusiano huo na bunduki ulikiachia Kiswahili jina baya, na baada ya mwaka 1979 watu wengi wa Nile Magharibi walilipia jina hilo kwa ukimbizi nchini Zaire na Sudan. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 2021 wa kukitambua kama lugha rasmi ya Jumuiya.

Hatua hizo zina maana mahususi kwa Koboko. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, kwa hiyo mipaka yote miwili ya eneo hilo sasa ni mipaka ya ndani ya Jumuiya. Makazi ya Lobule yaliyoko Koboko yamepokea wakimbizi kutoka Kongo, na ya Bidibidi yaliyoko Yumbe, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yamepokea wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Wanunuzi na wauzaji wa embe hawatoki tena katika lugha moja wala katika nchi moja.

Hata hivyo, kukileta Kiswahili kama amri mpya kungerudia kosa la zamani. Kilugbara na Kikakwa zina maneno yake ya hatua za tunda, na mkulima hujifunza vyema zaidi kwa lugha anayoiota. Kazi inayokifaa Kiswahili ni ile iliyofanywa na safi na fifi: kuwa lugha ya daraja, ya mahali ambapo watu wa lugha mbalimbali wanakubaliana bei. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, na Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Kilimo ya Kanda ya Abi, iliyoko Arua chini ya NARO, kila moja ina nusu ya utaalamu unaohitajika. Ya kwanza ina mamlaka ya istilahi. Ya pili inayajua magonjwa na miti.

7. Hitimisho

Mapendekezo matatu yanatokana na historia hii. Kwanza, kiwango cha embe kwa masoko ya Arua, Koboko na mipaka yake kiandaliwe kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, kikitenganisha waziwazi tunda lililopasuka, lililopondeka, lililotobolewa na lenye chule, na kila kasoro iandamane na chanzo chake katika Kilugbara, Kikakwa na Kinubi. Pili, mafunzo ya ugani yajengwe juu ya tofauti ya kupevuka na kuiva, kwa kuwa ndiyo inayomwezesha mkulima kuutangulia msimu wa mvua na kupunguza mashambulizi ya inzi bila kununua chochote. Tatu, mnunuzi anayekataa mzigo atakiwe kuandika sababu kwa maneno hayohayo.

Pendekezo la tatu ndilo litakalopingwa zaidi, kwa kuwa linamgharimu mnunuzi. Mfano wa pamba unaonyesha kuwa linawezekana. Karani aliyesema fifi alilazimika kuonyesha doa. Anayesema bovu leo halazimiki kuonyesha chochote, na hasara yote hubaki kwa yule aliyebeba tenga.